Cheni ya Ndani ya Pikipiki ya Baba Mkwe

Jumamosi, 1 Juni

Siku kubwa. Pikipiki ya baba mkwe iko kwangu! Imeegemea ukuta wa chumba cha mbele, kati ya kabati la vyombo na cherehani ya mke wangu, inadondosha oili kwenye gazeti la jana. Harufu tamu sana. Mke wangu anasema si tamu.

Ilikuwa hivi. Mzee alituita wakwe zake wawili: mimi, niliyemwoa binti mkubwa, na mwanyumba wangu, aliyemwoa binti mdogo. Mwanyumba ni mwalimu wa fizikia. Anatembea na rula mfukoni kama wenzake wanavyotembea na leso. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata mkewe. Mimi ni karani wa masjala ya ardhi, miaka ishirini na mbili kazini, na hakuna anayeniita Karani. Lakini tuyaache.

Mzee akasema dada yake mkubwa, shangazi wa wake zetu, amepasuliwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Bendeji zinatolewa wiki hii. Miaka sita hajaona uso wa mtu. Ametuma ujumbe kwamba kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni mdogo wake akipanda kilima cha kufika kwake juu ya pikipiki, kama enzi zile alipokuwa akisambaza barua. Mzee ana miaka themanini na moja. Mguu wake haupigi kiki tena. Atakaa nyuma, ataendeshwa. Jumapili tarehe tisa asubuhi ataisikiliza injini kwanza, kisha atachagua dereva. Na atakayemfikisha na kumrudisha bila kumuulia pikipiki, basi ni yake moja kwa moja, kwa kuwa yeye amechoka kuipangusa vumbi.

Niliinua mkono kabla hajamaliza. Mwalimu aliuliza swali. Aliuliza ule mlio wa upande wa kushoto umeanza lini.

Mlio upo, sikatai. Injini ikiwashwa inagonga, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayebisha mlango huku akijua mmo ndani. Nikasema ni kikohozi cha uzee. Mzee hakunisikia. Mzee hasikii vizuri, lazima upige kelele kwenye sikio la kulia. Sasa mtu huyo huyo eti ataisikiliza injini! Moyoni nilishakabidhiwa pikipiki.

Imekaa kwangu kwa sababu mlango wetu ni mpana. Hatua ya kwanza nimeishinda kwa mlango.

Jumapili, 2 Juni

Nimegundua ugonjwa. Peke yangu, karibu.

Niliwasha injini pale pale chumba cha mbele, nikaweka sikio. Moshi ukajaa. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akasema, bila hata kugeuka, kwamba hiyo ni cheni ya ndani imechakaa, inapiga kifuniko. Nikamwambia ndiyo kwanza nilikuwa nataka kusema hivyo.

Naandika hapa nisisahau. Pikipiki hizi za zamani zina cheni mbili. Ya nyuma, ambayo kila mtu anaiona, inazungusha gurudumu. Ya ndani imefichwa upande wa kushoto chini ya kifuniko cha bati, inaogelea kwenye oili. Kazi yake ni kutoa nguvu kwenye injini na kuipeleka kwenye klachi. Miaka ikipita pini zake zinalika, cheni inarefuka, inalegea, inaanza kuchapa. Kuikaza, unalegeza bolti za giaboksi, unaisukuma giaboksi nyuma kidogo, unafunga. Basi. Mke wangu anayajua haya kwa sababu utotoni ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake tochi. Kushika tochi si ufundi, lakini kumbukumbu anayo.

Nikafungua kizibo kidogo cha juu, nikaingiza kidole. Cheni inapanda na kushuka vidole viwili vizima. Hapo wazo likanijia kama radi. Kama ulegevu ndio kelele, basi pasiwe na ulegevu hata chembe. Nimeikaza hadi haitikisiki. Ukiigusa ni kama waya wa kuanikia nguo uliobeba mablanketi.

Nimewasha. Haigongi. Kimya. Nimemkumbatia mke wangu, ana alama za mikono ya oili mgongoni sasa, kosa langu. Kuna kijisauti kingine chembamba, iiiiii, kama mbu. Nadhani ni furaha ya injini.

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwenda nayo kazini! Nimepita katikati ya mji mgongo wima. Muuza magazeti amenipungia mkono. Ofisini nimewaeleza wote habari ya cheni ya ndani, kuanzia saa mbili hadi saa nne. Mkuu wa masjala amesema vizuri, sasa yale mafaili ya mipaka yako wapi.

Kurudi, aibu. Sitaandika yote.

Nitaandika yote. Nilichagua kupita mbele ya shule ya Mwalimu kwa makusudi. Nilipofika usawa wa geti nikatia gia ya pili kwa mbwembwe. Kitu kikalia kraa. Pikipiki ikasimama kama punda aliyekataa. Cheni ya nyuma imechomoka, imelala barabarani kama nyoka aliyekanyagwa. Darasa zima la fizikia lilikuwa dirishani.

Mwalimu akatoka. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akachuchumaa na rula yake, akasema kwa upole kwamba giaboksi ikisogezwa nyuma ili kukaza cheni ya ndani, inasogea karibu na gurudumu, kwa hiyo cheni ya nyuma inalegea. Ukigusa moja sharti uirekebishe na nyingine. Akaniuliza kama sikulifikiria hilo. Nikamwambia nililifikiria sana, hili lilikuwa jaribio.

Akaandika kitu kwenye kijidaftari. Ameandika nini? Anachunguza pikipiki yangu. Huyu mtu ana mpango.

Jumanne, 4 Juni

Nimeirudishia cheni ya nyuma, nimesukuma gurudumu nyuma nayo ikakaza. Sasa zote mbili zimekaza. Mbu amekuwa nyuki. Nimezunguka mtaa mara mbili, nikashuka, nikashika kifuniko cha kushoto. Nimeungua vidole vinne.

Mke wangu amenipaka dawa ya kuungua na kunipa somo kwa wakati mmoja, ana kipaji hicho. Anasema cheni hailiki sawasawa. Iko sehemu imerefuka sana na sehemu imerefuka kidogo. Unatakiwa kuzungusha injini polepole kwa kiki, unagusa, unazungusha, unagusa, mpaka upate pale palipokaza kuliko pengine pote. Hapo ndipo unapopima, na hapo uache nafasi ya upana wa kidole kimoja. Mimi nilipima palipolegea. Kwa hiyo pale palipokaza cheni inajinyonga, inaivuta beringi ya giaboksi kama mtu anayeng'oa jino. Siku mbili zaidi ingekuwa mazishi.

Nimemwambia nilijua, nilikuwa naipa cheni mazoezi.

Amelegeza yeye, kwa kuwa mimi vidole vina bendeji. Nafasi ya kidole kimoja, palipokaza. Amefanya haraka sana, huku akiimba. Tukawasha. Ka-ka-ka-ka. Imerudi vile vile! Amesema hiyo ni kwa sababu cheni imekwisha, si ya kukazwa tena, ni ya kubadilishwa. Tatizo la mke wangu ni kukata tamaa mapema.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa. Akili ya mtu mmoja ikitulia ni jeshi.

Cheni inapiga kelele kwa sababu inaogelea kwenye oili nyepesi. Je, ikiogelea kwenye kitu kizito? Nilikwenda kwa fundi wa malori, nikaomba oili ya gia za nyuma za lori. Nzito kama asali ya msimu wa baridi. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ni siri ya familia. Halafu kwa seremala jirani, kopo moja la vumbi la mbao, laini kabisa. Nilisikia zamani kwamba wauza magari wajanja walikuwa wakitia vumbi la mbao kwenye giaboksi inayolia. Nikakoroga kwenye sufuria. (Sufuria: kununua nyingine kabla hajauliza.)

Nikamimina. Nikawasha. Nasema hivi: kimya cha maktaba. Nilicheza peke yangu chumba cha mbele. Hata Mzee mwenye masikio ya kijana asingesikia kitu.

Saa kumi nikaipeleka kwenye mlima wa tangi la maji kuijaribu, maana njia ya kwa Shangazi ina mlima kama ule. Nikatia gia ya kwanza. Injini ikanguruma. Pikipiki ikaenda kidogo. Nikaongeza moto. Injini ikapiga mayowe, pikipiki ikapunguza mwendo. Nikaongeza tena. Ikasimama katikati ya mlima, injini inalia kama simba, gurudumu limetulia kama jiwe la kusagia. Mama mmoja mwenye toroli la madumu ya maji akanipita. Akaniuliza kama nina tatizo. Nikamwambia napoza injini. Nikaanza kurudi kinyumenyume.

Nimeshuka mlima wote kinyumenyume, breki mkononi, heshima mfukoni. Klachi ndiyo inayokamata nguvu ya injini kwa sahani zake, na sahani zikilowa uji ule mzito hazikamati kitu, zinateleza tu.

Chini ya mlima alikuwepo nani? Mwalimu, na rula. Anasema alikuwa anapita. Hakuna anayepita pale.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, homa. Nimeinama asubuhi nzima nikitoa vumbi la mbao kwenye sahani za klachi kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Amejua kuhusu kibanio. Amejua kuhusu sufuria. Tumefanya kazi pamoja, yeye akifungua klachi kwa mikono iliyojua njia, mimi nikipangusa. Kisha akafungua pini ya cheni, akaitoa yote, akaishika kwa ubavu. Cheni isiyochakaa husimama kidogo hata ukiishika hivyo. Hii iliinama kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

Akaniambia niipeleke kwa Muuza Spea, akaione tu, kisha nirudi. Alisema hivyo mara mbili: aione tu, urudi. Sikuzingatia.

Muuza Spea ni mtu mfupi, duka lake refu. Akatundika cheni yangu kwenye msumari, na kando yake akatundika mpya, viungo sawa kwa sawa. Yangu ilining'inia chini zaidi kwa upana wa kidole gumba. Akasema, "Bosi, hii si ya kukaza. Hii ni ya kustaafu."

Mpya pale msumarini ilikuwa inameta. Niliipenda mara moja. Nikasema nifungie. Akasema haiwezekani, ndiyo ya mwisho, saizi hii haiji tena hadi mwezi wa nane, na hii imeshawekewa mteja. Mteja gani? Akasema mtu wa kwenu, wa ile pikipiki ya Mzee, alikuja Jumanne.

Mtu wa kwetu! Mwenye rula! Kwa hiyo haya ndiyo aliyokuwa akiyaandika. Anangoja nishindwe, kisha Jumapili aje na cheni mpya mkononi kama bwana harusi.

Mimi si mtu wa kulala.

Saa sita Muuza Spea hufunga duka kwenda kula. Nikaandika kijibarua kwa herufi za kulala, kama za walimu: "Ile cheni iliyowekwa kwa ajili ya pikipiki ya Mzee haihitajiki tena. Asante. Familia." Nikakisukuma chini ya mlango. Mpango: nirudi saa nane kama mteja wa kawaida, nishangae, ninunue.

Nikapita ofisini mara moja tu, kuchukua miwani. Mkuu wa masjala akanikamata mlangoni. Akasema homa yangu inaonekana imepona, na yale mafaili ya mipaka yanahitajika leo leo. Nimetoka saa kumi na nusu. Nimekimbia.

Msumari mtupu.

Muuza Spea akasema bahati iliyoje, kijibarua kimekuja na mwenye mashine ya kusaga akaingia muda huo huo, cheni ya mashine yake imekatika na watu wamepanga foleni na mahindi yao. Ameichukua. Muuza Spea akanionyesha kijibarua. Akasema mwandiko mbaya lakini watu waungwana.

Ijumaa, 7 Juni

Sijala vizuri. Nilipanga kunyamaza, Mwalimu afike Jumapili mikono mitupu kama mimi. Ngoma droo. Nilikuwa hata nimeanza kuifurahia droo.

Jioni walikuja Mwalimu na mkewe. Tumekaa watatu, chai mezani. Mke wangu akaingia kutoka mjini na uso ambao sijauona tangu siku ile niliyopaka rangi mlango ukiwa umefungwa. Akakaa. Akasema Jumanne, baada ya kulegeza ile cheni, alikwenda kwa Muuza Spea akawekesha mpya kwa ajili yangu, nipate kumpeleka baba yake. Alitaka kunishangaza leo. Leo amekwenda kuichukua, ameambiwa familia imeghairi.

Akatutazama mmoja mmoja. Shemeji yangu akasema si yeye. Mwalimu akasema si yeye, tena akashangaa kabisa, na mtu huyu hajui kujifanya ameshangaa. Nikaona chai yangu ina kitu, nikaitazama sana.

"Baba Watoto," mke wangu akasema, "nakusikiliza."

Nimesema. Si yote, lakini kijibarua nimekisema, na cheni ilikokwenda. Mke wangu hakunigombeza. Alisema Shangazi ametolewa bendeji leo asubuhi, ameomba kiti chake kitolewe barazani, kielekee barabarani. Ana siku mbili za kungoja. Kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo tulikuwa hatujamaliza kunywa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimefanya kazi na ardhi miaka ishirini na mbili, hainitii.

Mwalimu akasogeza kiti chake karibu na changu. Akatoa kijidaftari. Niliona sasa yaliyoandikwa: umbali wa kwa Shangazi, mwinuko wa kilima, uzito wa Mzee, na gia inayofaa kila kona. Akaniambia, "Mwanyumba, mimi sijui hata kuendesha pikipiki. Nilikuwa nakupigia hesabu wewe."

Siku zote hizo! Nilimshika mkono sikuuachia.

Halafu akauliza mashine ya kusaga imekaaje. Nikamwambia, mota upande huu, mashine upande ule, mota iko juu ya reli, inavutwa. Inavutwa umbali gani? Nikaonyesha kwa mikono, kama mkate mmoja. Akatabasamu. Akasema cheni yetu ya zamani haifai kwa pikipiki kwa sababu imerefuka vibaya, ukiikaza inajinyonga na ukiilegeza inagonga. Lakini mota ya mashine ina nafasi tele, na pale kugonga hakudhuru. Cheni iliyorefuka kule itakazwa tu na itasaga mahindi mpaka cheni nyingine ije. Meno ni saizi moja, la sivyo mwenye mashine asingeichukua yetu.

Wazo zuri sana. Nilikuwa nalikaribia.

Jumamosi, 8 Juni

Mwenye mashine ni mama mmoja mpana, mikono imekunjwa, unga hadi kwenye kope. Tulimweleza. Akasikiliza, akaitazama cheni yetu iliyochoka, akasema watu wake hawawezi kungoja mahindi kwa ajili ya pikipiki ya mtu. Mke wangu akamweleza habari ya Shangazi na kile kiti. Mama akakunjua mikono. Akasema yeye pia alikuwa na mama asiyeona, hakubahatika kupasuliwa. Basi atabadilishana, kwa sharti moja: cheni ya zamani haiaminiki, kwa hiyo mmoja wetu asimame hapo kutwa nzima, aitilie oili kila baada ya debe, na kuvuta mota kila ikilegea.

Wote wakanitazama mimi.

Nimesimama kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja. Oili, debe, vuta. Oili, debe, vuta. Nilikuwa mweupe kama tangazo la sabuni. Nimepiga chafya mara mia. Wateja wakaanza kuniuliza mambo, nikawafundisha cheni ya ndani wote, foleni nzima. Mzee mmoja akasema ameelewa, ingawa yeye alikuja kusaga mtama tu. Cheni haikukatika! Mwenye mashine mwenyewe alisema jioni kwamba nina bidii. Alisema pia nisirudi Jumatatu, atapata mtu.

Nyumbani nimekuta mke wangu na Mwalimu wamemaliza. Cheni mpya iko ndani, oili nyepesi mpya, cheni ya nyuma imewekwa sawa. Walikuwa wanacheka kitu, wakaacha nilipoingia, kisha wakanitazama nilivyo na unga, wakaanza upya. Nimecheka nao. Pua ikatoa vumbi.

Kesho ni kesho. Dereva ni mimi, hakuna mwingine. Nimepiga pasi suruali.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya ajabu. Naandika nikiwa nimechoka kwa raha.

Mzee alifika saa mbili amevaa koti lake la posta. Akaomba bisibisi ndefu. Nikajua anataka kufungua kitu. Hapana. Aliinama, akaweka ncha kwenye kifuniko cha kushoto, na mpini akaubana kwa meno. Akafumba macho. Mke wangu akapiga kiki.

Shemeji akaninong'oneza kwamba ndivyo anavyosikiliza tangu masikio yake yaanze kupungua. Mlio unapita kwenye chuma, unapita kwenye meno, unaingia kichwani. Anasikia hata nati iliyolegea. Nilifikiria kimya changu cha vumbi la mbao mbele ya meno yale.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Akatoa bisibisi mdomoni. Macho yake yalikuwa na maji. Akasema, "Hivi ndivyo ilivyokuwa siku niliyokabidhiwa."

Akauliza nani ameikaza. Nikajikuta nimeshapiga hatua mbele. Nikapaza sauti kwenye sikio la kulia kwamba tumeshirikiana, lakini uongozi ulikuwa wangu. Akauliza nimeacha nafasi kiasi gani, na nimepima wapi.

Swali rahisi. Jibu nililijua. Niliambiwa Jumanne, nililiandika humu humu. Lakini kifua kilikuwa kimejaa, na mdomo ukaondoka peke yake. "Hakuna nafasi, Mzee! Nimeikaza kabisa!"

Mzee akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyetia chumvi kwenye chai. Akamgeukia binti yake. Mke wangu akasema: kidole kimoja, Baba, pale palipokaza. Mzee akamkabidhi kofia ngumu. Akapanda nyuma.

Kwa hiyo mke wangu ndiye aliyeendesha! Sikujua anaendesha vile. Mgongo wima, viwiko ndani, kona anaipinda kama anakata kitambaa. Sisi tulifuata nyuma kwa kigari cha Mwalimu, mimi kiti cha mbele na suruali yangu ya pasi, kijidaftari magotini, nikisoma gia kwa sauti. Gia ya pili kwenye kilima, nikasoma, na kweli pale pale akatia ya pili. Niliona fahari kana kwamba mkono ni wangu.

Kilimani Shangazi alikuwa kitini, barazani, mikono miwili juu ya fimbo. Alisimama kabla hawajafika. Pikipiki ikaingia uani ikinguruma sauti moja nene, safi. Mzee akashuka kwa shida, akavua kofia, akamsogelea. Shangazi akamtazama usoni. Akamgusa shavu, akatazama tena.

"Kumbe na wewe umezeeka," akasema. "Hawakuniambia."

Mzee akasema amezeeka jana tu. Wakashikana, wakacheka, halafu hawakucheka. Hata Mwalimu alipangusa miwani. Mimi nilikuwa na kitu jichoni, nadhani ni unga wa jana.

Baadaye Shangazi akatukagua sote, mmoja mmoja, kwa jicho jipya. Akamwita mke wangu mrembo. Akamwambia Mwalimu ale zaidi. Alipofika kwangu akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kwa sauti alinifikiria mrefu.

Pikipiki ni ya mke wangu sasa. Mzee amesema mbele ya wote. Nimepiga makofi ya kwanza. Amemrudisha Mzee kwake kwanza, kisha akanirudisha mimi nyumbani, nikikaa nyuma, nimemshika kiuno, upepo usoni. Ningesema sina kinyongo hata kidogo. Kidogo kipo. Ila upepo ulikuwa mtamu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka na nguvu mpya. Wiki iliyopita imenifunza mengi, hasa kwamba nina mkono wa ufundi na kilichonikwamisha ni haraka za watu wengine.

Jana wakati wa kuaga, Shangazi alilalamika kwamba saa yake ya ukutani imesimama saa kumi na dakika kumi. Miaka yote hiyo alikuwa haioni, hakuna aliyemwambia. Ni saa kubwa, ya mbao, ya marehemu mumewe. Nikaona Mwalimu anaikodolea macho, mkono unaelekea mfukoni kwenye rula. Sikungoja. Niliishusha ukutani, nikaiweka kwenye kigari cha Mwalimu, nikamwahidi Shangazi ataipata Jumatano ikienda kama askari. Amenibariki.

Ofisini nimetuma salamu, homa imerudi.

Iko mbele yangu sasa, mezani. Nimefungua mgongo. Jambo dogo sana, nimecheka peke yangu. Ndani kuna spiringi moja pana, imejikunja kwenye kikopo, na imelegea. Ni kukifungua kikopo, kuivuta spiringi hadi mwisho, na kuibana. Kabla ya chai ya saa nne nitakuwa nimemaliza, nipate muda wa kuandika kibao cha duka la ufundi ninalotaka kufungua.

Mke wangu amesimama mlangoni. Ametazama saa, ametazama bisibisi. Anapita sasa nyuma yangu akihamisha glasi zote kutoka kwenye kabati kwenda chumba cha ndani, mbili mbili, pamoja na picha ya harusi. Sijui ana wageni gani leo.